Programu za kujenga websaiti: zote tamu siku ya kwanza, mi naziangalia mwaka wa pili

Swali ninaloulizwa sana ni "ipi nzuri, Wix au WordPress?" na kila nikiulizwa narudisha swali: hiyo websaiti mwaka wa pili itakuwa mikononi mwa nani? Manake siku ya kwanza zote ni tamu, kweli kabisa, unajisajili, unachagua templeti, unabandika picha, unaandika jina la biashara pale juu, masaa machache baadaye una linki ya kumtumia mtu na roho inafurahi. Riviu nyingi zinaishia hapo hapo, zinapima ile furaha. Mwaka wa pili ndo mambo yanaonekana. Ofa imeisha na bili imekuja na sura nyingine, aliyekutengenezea hapokei simu, bei zilizoandikwa kwenye saiti ni za zamani na hakuna anayejua abonyeze wapi kuzibadilisha, afu biashara imekua unataka kitu ambacho ile programu haina, ukisema uhame unaambiwa utaanza upya.

Kwa hiyo nazipitia kwa jicho hilo la mwaka wa pili. Nimejenga na kutunza saiti za watu kwa nyingi kati ya hizi, nina upendeleo wangu na nitausema wazi.

Kabla ya programu yoyote, domeini. Domeini ni anwani yako, jinalako.com, na ikiwa mkononi mwako unaweza kubadilisha kila kitu kilichoko nyuma yake na wateja wasihisi chochote. Kampuni nyingi zinakupa domeini ya bure mwaka wa kwanza ukilipia kifurushi cha mwaka mzima, si vibaya, ila kabla hujakubali tafuta bei ya kuilipia tena mwaka unaofuata, huwa imeandikwa kwa maandishi madogo chini kabisa. Mi napenda kuinunua pembeni kwa msajili wa kawaida (kampuni inayouza majina ya domeini) halafu naiunganisha na programu yoyote ninayotaka, manake hata ukigombana na upande mmoja upande wa pili uko salama. Na akaunti ya domeini ifunguliwe kwa imeili ya mwenye biashara, sio ya fundi! Nimeona biashara ikipoteza jina lake kwa sababu fundi alisajili kwa imeili yake binafsi, akaacha hizo kazi, ukumbusho wa kulipia ukawa unaenda kwenye imeili asiyoifungua tena, muda ukaisha na mtu mwingine kabisa akalichukua lile jina. Hapo huna pa kulalamikia. Jua pia kwamba domeini mpya kama ya .com kwa kawaida haihamishiki kwa msajili mwingine siku 60 za mwanzo, baada ya hapo ni haki yako kuihamisha. Ila kuielekeza kwenye programu nyingine huhitaji hata kuihamisha, unabadilisha tu rekodi za DNS (zile zinazosema jina lielekee wapi) na imeisha hiyo.

Sasa tuanze na wasio na hela kabisa. Kama unachotaka ni ukurasa wa kueleza wewe ni nani, unafanya nini na unapatikanaje, Google Sites inatosha na watu wanaidharau bila sababu. Haikuwekei matangazo, inakubali domeini yako mwenyewe, na ukishazoea Google Docs umeshaijua, watu kadhaa mnaweza kuhariri pamoja bila kupeana paswedi. Kwa kikundi, timu ya mpira, mradi wa chuo, sioni sababu ya kulipa mahali pengine. Udhaifu wake ni kwamba zote zinafanana, haina blogu, haina duka, na siku ukitaka muonekano wa kipekee utagonga ukuta haraka sana. Blogger nayo bado ipo, ilianza 1999, Google wakainunua 2003, ni ya bure, inapokea domeini yako na inakuruhusu kushusha posti zako zote kwenye faili moja ukiamua kuondoka. Imezeeka kimuonekano lakini kwa mtu anayetaka kuandika tu bado ni ya kuaminika.

Ila ninayoipenda kuliko zote upande huu wa hela ndogo ni Carrd. Ilitoka 2016, inatengeneza saiti za ukurasa mmoja tu, hiyo ndo kazi yake na inaifanya vizuri mno. Bure unapata hadi saiti tatu kwenye anwani yao ya carrd.co, na ukitaka kuweka domeini yako unalipia Pro Standard ambayo ni dola 19 kwa mwaka, rudia kusoma, kwa mwaka na sio kwa mwezi. Kuna ya dola 9 chini yake ila hiyo haina domeini yako kwa hiyo mi naiona ya kuruka. Kwa mpiga picha, fundi, msanii, mtu anayetafuta kazi, ukurasa mmoja unatosha kabisa, na ukiupima kwa mwaka wa pili Carrd inashinda kwa sababu ukurasa mmoja una vitu vichache vya kuchakaa. Websaiti ya kurasa kumi na mbili ambayo tisa zimepitwa na wakati inamharibia mtu jina kuliko ukurasa mmoja ulio sahihi.

Tahadhari ya vya bure ni moja na sio ndogo. Yahoo waliinunua GeoCities mwaka 1999 wakati ndo mahali ambapo dunia nzima inajengea kurasa zake za bure, 2009 wakaifunga, kurasa za mamilioni ya watu zikaondoka. Ukisema hiyo ni zamani, Machi 2024 Google walizifunga zile websaiti ndogo za bure zilizokuwa zinatengenezwa kupitia Google Business Profile (ile profaili ya biashara inayoonekana kwenye Google), kwa miezi michache zikawa zinaelekeza watu kwenye profaili ya biashara na Juni mwaka huo huo hata kuelekeza kukakoma. Waliokuwa wamechapisha ile anwani kwenye kadi na mabango ilibidi wachapishe upya. Aliyekuwa na domeini yake aliielekeza kwingine jioni moja na maisha yakaendelea. Tumia vya bure, mi mwenyewe natumia, ila usiiachie anwani yako huko.

Haya, Wix. Hii ilianza 2006 kule Israeli, mwanzoni ilikuwa inaendeshwa na Flash (teknolojia ya zamani ya vitu vinavyocheza kwenye kurasa), 2012 wakahamia HTML5 (lugha ya kawaida ya kurasa za wavuti), na jina baya ililopata enzi zile kuhusu Google kutozisoma saiti zake bado watu wanalibeba mpaka leo ingawa halina ukweli tena. Siku hizi unabadilisha vichwa vya kurasa, anwani za kurasa, unaweka maelekezo ya 301 (yanayompeleka mgeni wa anwani ya zamani kwenye mpya), yote yapo. Uzuri wake mkubwa ni kwamba edita yake inakuacha uburute kitu na kukiachia popote, kabisa popote, na mtu ambaye hajawahi kutengeneza kitu chochote cha kompyuta anaelewa papo hapo. Ina vitu vya booking, menyu za migahawa, matukio, fomu, ndani ya nyumba moja, kwa hiyo saluni au mwalimu wa muziki anayetaka watu wachague muda wenyewe anamaliza kazi bila kumuita mtu.

Lakini ule uhuru wa kuachia kitu popote una gharama yake na unaiona kwenye simu. Wix ya kawaida ina edita ya kompyuta na muonekano wa simu unaoupanga kivyake, ukisogeza vitu huku inabidi uende ukakague kule, na nimeona saiti nyingi ambazo kwenye laptop ni nzuri ila kwenye simu maandishi yamekaa juu ya picha, na mwenye saiti hajui kwa sababu yeye huiangalia kwenye laptop tu. Cha pili, ukishachagua templeti na kuanza kujenga huwezi kuibadilisha kwa nyingine ukabaki na kazi yako, inabidi uanze saiti mpya. Cha tatu ndo kikubwa, hutoki nayo. Saiti ya Wix inaishi kwenye seva (kompyuta) za Wix basi, hakuna kitufe cha kuipakia na kuipeleka kwingine. Mi sisemi usitumie. Nasema ukiingia Wix uwe umekubali kwamba siku ya kuhama utanakili maandishi kwa mkono, kwa hiyo hifadhi maandishi yako na picha zako asilia kwenye folda yako tangu siku ya kwanza. Kile kifurushi cha bure chenye tangazo lao juu na anwani ya wixsite.com kichukulie kama sehemu ya kufanyia majaribio tu, biashara ya kweli ikikaa pale watu wanaisoma kuwa haijajipanga.

Squarespace ni ya watu wa macho. Ilianzishwa na Anthony Casalena 2003 akiwa bado mwanafunzi kule Maryland, na mpaka leo kitu chake cha nguvu ni kwamba ni vigumu kutengeneza kitu kibaya humo, fonti zimepangwa, nafasi zimepangwa, picha zinakaa vizuri hata ukiwa huna jicho la ubunifu. Haina kifurushi cha bure, unapewa siku 14 za kujaribu halafu unalipa. Kwa wapiga picha, wasanifu majengo, watu wa harusi, mgahawa wenye picha nzuri, naipendekeza kabla ya Wix bila kusita, na kwenye mwaka wa pili ina nafuu kidogo, kuna njia ya kutoa kurasa za kawaida na blogu kwa faili ambalo WordPress inalisoma. Haitoi kila kitu, muonekano unabaki huko, lakini maneno yako unaondoka nayo. Ukiwa na picha mbovu lakini Squarespace haitakusaidia, templeti zake zinategemea picha kubwa kubwa, na picha mbovu ikiwekwa kwa ukubwa ule inaonekana ubovu wake wote.

Sasa WordPress, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ndo kuna mkanganyiko mwingi kuliko kwingine kote. Kuna vitu viwili vyenye jina moja. Kuna programu yenyewe, huria (msimbo wake uko wazi kwa wote), ya bure, ilitolewa Mei 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, unaishusha wordpress.org na kuiweka kwenye hostingi (nafasi ya kukodi kwenye seva) yoyote unayolipia mwenyewe. Halafu kuna WordPress.com ambayo ni huduma ya kampuni ya Automattic, wao wanakuwekea kila kitu unalipia kifurushi, kama ilivyo Wix. Mtu anasoma kwamba WordPress ni ya bure na inafanya kila kitu, anaenda kujisajili kwenye .com, anakuta kila anachotaka kinadai kupandisha kifurushi, anakasirika. Zaidi ya asilimia 40 ya websaiti zote duniani zinaendeshwa na hiyo programu, kwa hiyo ukikwama kuna mtu ameshakwama hapo kabla yako na jibu lipo mahali, hiyo peke yake ni faida kubwa sana.

Kwa mwaka wa pili WordPress ya kujihostia, ile ya wordpress.org, ndo bora na ndo mbaya kwa wakati mmoja. Bora kwa sababu ni yako kweli kweli, faili zako, databesi yako, kampuni ya hostingi ikikukera unachukua bakap unapeleka kwingine na wageni wanakuta saiti ile ile. Mbaya kwa sababu hakuna anayekutunzia. Kuna WordPress yenyewe ya kuapdeti, kuna themu (muonekano), kuna plagini (programu za nyongeza), kuna PHP ya kwenye seva (lugha ambayo WordPress imeandikwa), na plagini ambazo hazijaapdetiwa ndo mlango ambao wadukuzi wanaupenda. Matoleo madogo ya usalama yanajiapdeti yenyewe tangu 2013 na plagini unaweza kuziwekea kujiapdeti tangu 2020, washa hiyo kitu. Bakap nayo iende nje ya seva, kwenye Google Drive au popote, manake bakap iliyokaa kwenye seva ile ile seva ikifa inakufa nayo. Kama kwenye biashara yako hakuna mtu, hata mmoja, ambaye kila mwezi ataingia ndani, ataangalia apdeti na kuhakikisha bakap ipo, basi usijihostie, nakuomba, lipia huduma inayokutunzia hata kama kwa karatasi inaonekana ghali.

Halafu bei. Hostingi za bei chee zinatangaza bei ya mwezi ambayo unaipata tu ukilipia miaka mitatu au minne kwa mkupuo, na siku ya kulipia tena inaweza kuwa mara mbili au zaidi ya ile. Hiyo bei ya pili ndo bei yake, ile ya kwanza ni chambo tu. Ongeza na plagini za kulipia, nyingi zinalipiwa kila mwaka, usipolipa zinaendelea kufanya kazi ila apdeti hazipati, na tumeshaona plagini bila apdeti ni nini. Ndo maana naanza na plagini chache. Zipo zaidi ya elfu hamsini za bure kwenye hazina ya WordPress na kishawishi ni kikubwa, ila kwa saiti ya kawaida fomu, bakap, kache (ya kuharakisha saiti) na moja ya SEO (ya kukusaidia kuonekana Google) zinakutosha.

Kitu kingine ambacho watu hawaambiwi ni zile plagini za kujengea kurasa, Elementor, Divi, WPBakery na wenzake. Zinafanya WordPress iwe rahisi kama Wix lakini zinarudisha na ile kamba ya Wix, ndani ya programu ambayo sifa yake kuu ilikuwa uhuru. WPBakery kwa mfano ukiizima inakuachia kurasa zimejaa mabano na maneno ya ajabu katikati ya maandishi yako. Tangu toleo la 5.0 la Desemba 2018 WordPress ina edita yake ya bloku (unajenga ukurasa kipande kwa kipande), mwanzoni ilikuwa inasumbua kweli na watu waliichukia, ila imekua, na leo mi saiti mpya naijenga kwa bloku peke yake. Inanichukua muda zaidi mwanzoni lakini kila kitu kinabaki kinasomeka hata nikibadilisha themu kabisa.

Ukija kwenye duka la mtandaoni, mpangilio wa maswali unageuka. Usianze na muonekano, anza na malipo: wateja wako wanalipa kwa njia gani, na ile programu inaipokea hiyo njia? Shopify ilizaliwa hivi, jamaa wa Ottawa walikuwa wanataka kuuza snowboard mtandaoni, programu zilizokuwepo hazikuwaridhisha wakaandika ya kwao, 2006 wakaifungulia dunia. Na inaonekana imetengenezwa na wauzaji, stoku, oda, kurudisha hela, kodi, lebo za kusafirishia, yote yamekaa pale mtu wa duka anapotarajia. Hata siku ya mauzo makubwa kwa kawaida haikuangushi. Ila ina mfumo wao wa malipo, Shopify Payments, ambao unapatikana nchi baadhi tu, na ukitumia njia ya malipo ya mtu mwingine wao wanakukata tena juu ya kila mauzo, kwenye kifurushi cha Basic ni asilimia 2, na hiyo ni nje ya makato ya yule anayepokea malipo. Kwa biashara yenye faida nyembamba asilimia 2 sio kitu cha kupita haraka haraka. Piga hesabu kwa mauzo ya mwaka mzima kabla hujafungua. Halafu programu za nyongeza kule nyingi ni za kulipia kila mwezi, moja ya riviu, moja ya punguzo, moja ya imeili, mwisho nyongeza zinazidi bei ya duka lenyewe.

Mbadala ni WooCommerce, plagini ya bure juu ya WordPress, Automattic waliinunua 2015. Haikukati chochote kwenye mauzo, unakatwa na mpokea malipo wako tu, na njia za malipo zipo nyingi mno pamoja na za nchi ambazo Shopify haijafika vizuri. Lakini sasa yale yote niliyosema kuhusu kutunza WordPress yanazidishwa, kwa sababu blogu ikizimika masaa mawili hakuna anayekufa, duka likizimika masaa mawili siku ya mauzo umepoteza hela na imani ya watu. Msimamo wangu uko hivi: mfanyabiashara anayejiendesha peke yake, bidhaa chini ya mia, hana fundi, aende Shopify alipe atulie. Mwenye fundi wa kudumu, au mwenye njia ya malipo ambayo Shopify inampiga makato, WooCommerce. Na mwenye bidhaa tano tu ambaye oda zake zote zinakuja kwa meseji, bado hahitaji duka, Carrd yenye picha, bei na kitufe cha kupiga simu inamtosha mwaka mzima.

Webflow na Framer nazipitia haraka kwa sababu ni za wabunifu. Webflow inakupa nguvu zote za CSS (lugha ya kupanga muonekano wa kurasa) bila kuandika msimbo, ila lazima uelewe CSS inafanyaje kazi, kwa hiyo mtu wa kawaida anapotea. Inaruhusu kutoa msimbo kwenye vifurushi vya kulipia, lakini sehemu ya CMS (inayotunza maudhui kama posti) na fomu hazifanyi kazi ukishatoka. Framer ni nyepesi zaidi na saiti zake zinapendeza mno kwa miondoko, kutoka nayo hakuna njia. Kama unamlipa mbunifu akujengee kwa hizi, sharti la kwanza ni akuonyeshe wewe unabadilishaje neno na picha, ukiwa umeshika mausi wewe.

Waandishi wa majarida ya imeili na wanaotaka wasomaji walipie, kuna Ghost. Ni programu huria ya taasisi isiyogawana faida, ipo tangu 2013, na haichukui asilimia ya michango ya wasomaji wako, wakati Substack, huduma nyingine ya majarida ya imeili, inachukua asilimia 10. Kwa anayeanza bila msomaji hata mmoja Substack ni nafuu kwa sababu hulipi kitu mpaka uanze kuingiza, ila ukishakuwa na wanaolipa wa kutosha ile asilimia 10 inaizidi bili ya Ghost kwa mbali. Kwenye Ghost makala zinatoka na orodha ya wasomaji inatoka, na kwa mwandishi orodha ya wasomaji ndo mali yenyewe.

Na kwa anayejua au aliye tayari kujifunza kidogo, GitHub Pages (huduma ya kuweka saiti mtandaoni) pamoja na kitu kama Hugo au Jekyll (programu zinazogeuza maandishi kuwa kurasa) inakupa saiti ya bure yenye domeini yako, haraka kupita kiasi, hakuna databesi ya kudukuliwa, hakuna plagini. Saiti ya namna hii unaweza kuiacha miaka mitano ukirudi unaikuta inafunguka. Kwa duka haifai, na mwenye biashara asiyejua Git (programu ya kutunza matoleo ya faili) hawezi kubadilisha hata koma, kwa hiyo usimjengee mteja kwa hii kwa sababu tu wewe unaipenda.

Zile za akili bandia zinazokuuliza maswali mawili matatu halafu zinakumwagia saiti nzima, Wix walianza mambo hayo 2016 na sasa karibu kila kampuni inayo. Zinaondoa ule woga wa ukurasa mtupu, hapo nazisifu. Lakini maandishi yake ni yale yale, "tunatoa huduma bora kwa wateja wetu", yanaweza kubandikwa kwenye biashara yoyote. Chukua mpangilio, futa maneno yote, andika yako.

Kabla hujatoa hela popote, fanya hivi. Tumia muda wa majaribio kuweka vitu vyako halisi, picha zako ulizopiga kwa simu, majina marefu ya bidhaa zako, manake templeti ilipigwa picha na wataalamu na kila jina lina maneno mawili. Punguza picha kwanza, ya simu inaweza kuwa na megabaiti nne au tano, ishushe iwe kama pikseli 1600 kwa upana na mfumo wa WebP (aina nyepesi ya faili la picha). Halafu ifungue kwenye simu ya bei ya chini yenye data ya kawaida, sio waifai ya ofisini, na uipitishe kwenye PageSpeed Insights, kipimo cha kasi cha Google, wao wanataka kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini ya kwanza kionekane ndani ya sekunde 2.5. Halafu mwite yule atakayeishika mwaka wa pili, mhasibu, mdogo wako, katibu wa kikundi, mwambie abadilishe bei moja na kuongeza picha moja bila wewe kufungua mdomo. Akishindwa, hiyo programu sio yenu hata kama ina nyota tano kila mahali. Mwisho ingia kwenye mipangilio utafute sehemu ya kutoa data, ujue mapema nini kinatoka na nini kinabaki.

Kwa mlioko Weebly, programu nyingine ya kujenga websaiti, manake mpo wengi na mnaniuliza. Square, kampuni ya malipo, waliinunua 2018 kwa dola milioni 365, na tangu hapo nguvu nyingi imeenda kwenye Square Online, programu yao wenyewe, Weebly yenyewe mi sioni ikisogea mbele. Mi nisingejenga kitu kipya pale. Ukiamua kuhama, orodhesha kwanza anwani za kurasa zako zote kwenye karatasi moja, nakili maandishi na picha, jenga kule kupya kwenye anwani ya muda, hakikisha fomu zinakufikia kwenye imeili, ndo uielekeze domeini. Kila anwani ya zamani iwekee maelekezo ya 301 kwenda mpya yake, usizitupe zote kwenye ukurasa wa mbele, linki ambazo watu walishahifadhi na zile ambazo Google inazijua zinapotelea hapo. Kifurushi cha zamani kiache kiendelee mwezi mmoja baada ya kuhama, na kama imeili zako za biashara zinapita kwenye domeini hiyo hiyo, rekodi zake za MX (zinazosema imeili ziende wapi) zinakili kabla hujagusa kitu chochote kwenye DNS.